Sebule Iliyohamia Jikoni

Mke wangu hajui kukaa kwenye nyumba ya watu. Mkaribishe leo uone: kabla hajaitikia salamu ameshapima madirisha yako kwa macho, na kama pazia la kushoto linaburuza chini kuliko la kulia, chai yako ataimeza kama dawa. Mtaani wanamwita Bi Pazia. Walianza kwa utani, lakini sasa hata wateja wanaopiga simu wanamuulizia Bi Pazia, naye anaitika kama mtu aliyezaliwa na jina hilo. Mimi ni fundi wa friji, na hakuna aliyewahi kunipa jina.

Zamani alikuwa mshonaji kwenye kiwanda cha sare za shule. Kiwanda kilipofungwa, tajiri hakuwa na cha kuwalipa, akawaambia kila mmoja aondoke na kifaa alichokuwa akikitumia. Wenzake wengi waliuza cherehani zao hata kabla hawajafika makwao. Yeye ya kwake aliibeba mpaka nyumbani, akaitua juu ya meza ya chakula, akaniambia haitoki humu ndani. Hakulia wala hakulaumu mtu. Kesho yake alishona pazia la dirisha letu la mbele kwa vitambaa vya kuungaunga, jirani akalipenda, akataka la kwake, na kabla sijajua kinachoendelea nilikuwa nabeba ngazi kila Jumamosi kwenda kutoboa kuta za watu.

Sasa, pazia si gauni. Gauni unaweza kulikata juu ya kitanda ukitaka. Pazia linataka sakafu. Lazima ulilaze lote, limenyooka, na mwenzake alazwe pembeni yake ili maua ya huku yakutane na maua ya kule, la sivyo utatundika kitu ambacho kila anayeingia atakitazama huku amepinda shingo. Nyumba yetu ya kupanga ina vyumba viwili vya kulala, jiko, korido na sebule, na sakafu ndefu iliyonyooka ni moja tu. Mke wangu aliitazama sebule siku moja asubuhi, na ilipofika jioni haikuwa sebule tena. Alichora mistari myeupe ya vipimo sakafuni kwa rangi ya mafuta, akafunga vyuma vya kutundikia karibu na dari, cherehani akaiweka chini ya dirisha. Televisheni aliiuza. Mimi nilipata taarifa wakati mnunuzi ameshaibeba.

Aliyeumia zaidi ni mama yangu. Mama anaishi nasi tangu baba alipofariki, na alipokuja alikuja na seti yake ya makochi, yale ambayo baba alimnunulia kwa malipo ya uzeeni. Ni makochi mazito, yana miguu ya kuchongwa, na kila kiti kina kitambaa cheupe alichokifuma Mama mwenyewe. Sebule ilipogeuka kiwanda, Mama alikataa yasiuzwe na akakataa yasitoke nje. Yakaingia chumbani kwake, moja juu ya jingine, mpaka dari. Kufika kitandani alipita ubavu ubavu kama mtu anayepita kwenye ua wa miiba, na ukimwambia tuyatafutie mahali pengine alikujibu kwamba hayamsumbui, yeye na makochi yake wanaelewana.

Kilichomsumbua ni wageni. Wageni wa Mama, wanawake wenzake wa kwaya, tuliwapokelea jikoni. Kuna benchi moja na vigoda, na anayekaa karibu na jiko la gesi lazima abane magoti ili mtungi upate nafasi. Mmoja wao, mwenye mdomo usio na breki, aliwahi kuuliza kama sisi kwetu hatuna sebule au tunaificha. Mama alicheka naye. Kisha kwa muda mrefu hakumwalika mtu, na mimi nilijua sababu, na mke wangu naye alijua, lakini hatukuwa na sakafu nyingine. Siwezi kusema halikutuuma.

Biashara ilikua. Ilifika mahali mke wangu akawa analipa kodi ya mapato kwa kila senti iliyoingia, kwa sababu ni mtu wa kunyoosha mambo, na hakuwahi kumwuliza mtu kama kuna namna nyingine. Ndipo alipomshonea mapazia mhasibu mmoja, mwanamke mcheshi anayezungumza taratibu. Wakati tunatundika, mhasibu akamwuliza anaondoa nini kwenye hesabu zake kabla ya kulipa. Mke wangu akasema haondoi chochote. Mhasibu akamtazama kwa huruma, akamwambia kwamba anailipia serikali mpaka uzi wa sindano.

Sijawahi kumwona mke wangu amekasirika kwa utulivu namna ile. Kesho yake alikwenda ofisi ya kodi, akakaa kwenye foleni, akauliza, akarudi kwenye foleni, akauliza tena. Alirudi nyumbani amechangamka. Kumbe mtu anayefanyia biashara nyumbani ana haki ya kuondoa gharama zake: uzi, umeme, uchakavu wa cherehani, nauli ya kwenda kutundika, na hata sehemu ya pango la nyumba kwa ajili ya chumba cha kazi. Sharti lilikuwa moja tu, nalo alilirudia mara nyingi akitembea huku na huku juu ya mistari yake: chumba kiwe cha kazi tu. Si cha kazi mchana na cha kulia chakula jioni.

"Kuna chumba cha kazi kuliko hiki?" aliniuliza. "Humu hata wewe huruhusiwi kukaa."

Ilikuwa kweli. Akadai, akakubaliwa, na kodi ikashuka. Kwa nafuu hiyo akachukua cherehani kubwa ya umeme kwa malipo ya kidogo kidogo, ile inayoweza kupita kwenye kitambaa kizito cha hoteli na hospitali bila kukohoa. Cherehani ya kiwandani ikastaafu kwa heshima kwenye kona. Kazi kubwa zikaanza kuja, na mke wangu akaanza kutembea kama mtu anayejua anakokwenda, ingawa, nikisema haki, siku zote ametembea hivyo.

Kisha ikaja barua. Afisa wa kodi angefika nyumbani kukagua chumba. Ikiwa kingeonekana si cha kazi tu, punguzo la chumba lingefutwa, pamoja na la miaka iliyopita, na tofauti ingetakiwa yote kwa pamoja. Hapakuwa na haja ya kupiga hesabu ndefu. Kulipa tofauti ile kulimaanisha kushindwa malipo ya cherehani kubwa, na cherehani kubwa ikirudi dukani, hospitali na hoteli nazo zinatafuta mshonaji mwingine. Mimi nilipata joto. Yeye aliisoma barua akiwa anapiga pasi, akaiweka pembeni.

"Aje tu," alisema. "Mwenye macho haambiwi tazama."

Tena akatoa amri kwamba chumba kisiguswe. Hata uzi usiokotwe. Alitaka afisa akute pini sakafuni, vumbi la chaki, majora ya kitambaa yamesimama ukutani, mapazia nusu yakining'inia kwenye vyuma. Akamweleza na Mama vizuri kwamba anakuja mtu wa kodi kutazama chumba. Mama aliitikia. Lakini Mama ana akili zake, na akili zake ni za mtu aliyelelewa kuamini kwamba nyumba inahukumiwa kwa pale inapomkalisha mgeni. Aliniuliza kando, kwa sauti ya chini, ni afisa gani atakayewapunguzia kodi watu wasio na hata kiti cha kumpa. Atatuona matapeli, alisema, au watu tuliofilisika. Nilimwambia asijali, mke wangu anajua anachofanya. Akaniambia kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, na mwenyeji hawezi kupona akiwa amemkalisha mgeni wa serikali kwenye mtungi wa gesi. Nilidhani ni maneno tu ya kupitisha muda.

Siku yenyewe afisa alitazamiwa mchana. Asubuhi tulikuwa na mapazia ya kutundika kwa daktari wa meno, na mke wangu hakuona sababu ya kuahirisha. Huyo ndiye mke wangu: mtu mwingine angekesha anaomba, yeye anachukua kazi. Ukuta wa daktari ulikuwa mgumu, tukachelewa kidogo, lakini tuliondoka pale tukiwa bado na muda wa kutosha. Hatukujua kwamba afisa naye alikuwa mtu wa kuwahi.

Tulipitia nyuma ya nyumba ili niweke ngazi. Nikakuta majora yote ya kitambaa yamesimamishwa ukutani, yamefunikwa turubai, na majirani wawili wenye nguvu wamekaa juu ya vyuma vya mapazia wanakunywa maji, mashati yamewalowa jasho. Wakatusalimia kwa furaha. Mmoja akatuambia kwamba kazi imekwisha na imependeza, na bibi amewashukuru sana. Mke wangu aliyatazama majora. Kisha akaingia ndani bila kukimbia.

Sebule ilikuwa imerudi. Makochi yote yalikuwepo, na vitambaa vyake vyeupe vimenyooshwa kwa pasi. Zulia la Mama lilikuwa limetandazwa sakafuni, limefunika mistari yote. Meza ya kioo, maua ya plastiki, picha ya baba ukutani mahali palipokuwa na pini za mke wangu. Palinukia sabuni. Na katikati ya yote hayo, kwenye kochi kubwa, alikuwa amekaa mwanamke wa makamo mwenye begi la mgongoni na futi ya kupimia, anakunywa chai kwa biskuti, na Mama yuko mbele yake amevaa nguo yake ya kwaya, uso umejaa nuru. Sijamwona Mama na uso ule tangu baba alipokuwa hai. Ndiyo maana hata hasira iliyonipanda sikujua niitue wapi.

Afisa alisimama, akatusalimia kwa adabu, akasema tumempokea vizuri mno. Akasema Mama amekuwa akimweleza maisha yetu: kwamba hapa ndipo familia inapokaa jioni, hapa ndipo tunapopokea wageni, hapa ndipo tunapoangalia televisheni, ingawa televisheni kwa sasa iko kwa fundi. Mama alitikisa kichwa kukubali kila neno. Alikuwa ametia chumvi mpaka kwenye televisheni.

"Basi, dada," afisa akamwambia mke wangu, "nionyeshe chumba cha kazi."

"Ni hiki," mke wangu akasema.

Afisa aliyatazama makochi, akamtazama Mama, akarudisha macho kwa mke wangu. Mimi nikafungua mdomo. Nilitaka kuinua zulia kwa mikono yangu miwili, nionyeshe mistari, nimalize mambo. Mke wangu akanikanyaga mguu, tena kwa kisigino. Hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa amekielewa yeye tangu mlangoni. Kuinua zulia ilikuwa ni kumwambia mgeni, mbele ya Mama, na chai ya Mama ikiwa bado mkononi mwake, kwamba mwanamke huyu mzee ni mwongo. Mke wangu, ambaye huwaambia mameneja wa hoteli usoni kwamba madirisha yao yamepinda, hakuwa tayari kulitamka hilo. Nilikasirika naye. Nilimwona anaiachia cherehani iende, na mashavu hayamtetemeki.

Afisa alikaa tena. Alionekana kupata tabu. Alisema yeye huandika anachokiona na anachoambiwa, na hapa ameambiwa maneno mawili na watu wa nyumba moja.

"Moja kati ya haya si kweli," alisema. "Na nikiandika ninachokiona, dai linaanguka. Una la kuongeza, dada?"

"Sina," mke wangu akasema. "Ni hiki. Mama amekukaribisha vizuri."

Afisa akatoa kalamu. Ni Mama aliyemzuia, kwa kumgusa goti kidogo, akamwuliza ni dai gani hilo linaloanguka. Afisa akamweleza polepole, kama anavyoelezwa mzazi. Chumba kikiwa cha kazi tu, sehemu ya pango lake inaondolewa kwenye kodi. Kikiwa ni mahali pa familia kupumzika, hakuna kinachoondolewa, na kilichoondolewa zamani kinarudishwa.

"Hata kama sebule ni nzuri?" Mama akauliza.

"Hasa kama ni nzuri, mama."

Mama alimtazama mke wangu, na mke wangu akatazama dirisha, akajifanya anakagua pazia lake mwenyewe. Nikaona Mama anaelewa. Alielewa cherehani ilikuwa njiani kurudi dukani, na zaidi ya hilo alielewa kwa nini mkwe wake, mwenye maneno ya kumwaga, alikuwa amesimama pale kama amenyang'anywa ulimi. Kuna watu wanaokufa na tai shingoni, na mimi nilidhani Mama ni mmoja wao. Angeweza kuendelea kukaa. Hakuna ambaye angemlaumu kwa sauti.

Alisimama, akakichukua kikombe mkononi mwa afisa.

"Inuka, mwanangu," alisema. "Twende jikoni. Wageni wa nyumba hii hukaa jikoni."

Afisa hakuelewa, lakini alinyanyuka, maana sauti ile si ya kukataliwa. Mama alimpeleka kwanza chumbani kwake. Akamwonyesha kitanda chake, sasa kikiwa kimezungukwa na nafasi kubwa, na kuta zenye alama mahali makochi yalipokuwa yameegemea mpaka dari. Akafunua mashuka, na chini ya kitanda zilikuwa cherehani zote mbili, ubao wa pasi na mifuko ya pini. Akasema makochi yanalala humu pamoja naye, na leo ameyatoa kwa sababu aliona haya kumpokelea mtu wa serikali kwenye benchi. Akasema televisheni haiko kwa fundi, iliuzwa zamani. Hakuacha kitu. Mficha uchi hazai, alisema, na yeye keshazaa, hana tena sababu ya kuficha.

Kisha alimkalisha jikoni, kwenye kigoda kile kile cha karibu na gesi, akamrudishia kikombe chake. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikuona haya kwa ajili ya Mama hata kidogo. Nilijivuna.

Mke wangu alipoona Mama ameshamaliza, akawa yeye tena. Akakunja zulia, mistari ikatokea, akaanza kueleza kwa mikono miwili jinsi pazia linavyolazwa na maua yanavyokutanishwa. Afisa alipima chumba kwa futi yake, ukuta hadi ukuta. Akapiga magoti akaokota pini iliyojificha kwenye ufa wa sakafu, akaicheka. Mke wangu hakuridhika na hapo, akataka na korido ihesabiwe, kwa kuwa majora husimama huko wakati wa kazi kubwa. Afisa akamwuliza kama watu wa nyumbani hupita kwenye korido hiyo kwenda chooni. Mke wangu akakiri wanapita. Basi korido ikakataliwa, na walibishana kidogo kwa heshima, na afisa akashinda. Alipoaga alisema ataandika kwamba chumba ni cha kazi tu na dai liendelee kama lilivyo. Akamshika Mama mikono yote miwili, akamshukuru kwa chai.

Tulibaki watatu. Mama alirudi jikoni akakaa kwenye benchi, akavua kilemba chake cha kwaya, akakikunja juu ya mapaja. Alionekana amechoka, kama mtu aliyebeba makochi mwenyewe. Mke wangu alimfuata, akasimama karibu na mlango akifuta mikono ambayo haikuwa na kitu.

"Ungemwambia tu nimesema uongo," Mama alisema bila kumtazama. "Ni neno moja. Ungeokoa cherehani yako."

"Cherehani hununuliwa, mama," mke wangu akasema.

Mama alisogea kidogo kwenye benchi, mke wangu akakaa pembeni yake. Mimi nikatoka nje kuanza kurudisha majora ndani.